Alteneta Aliyokuja Nayo Mativo

Shauri Moyo, Nairobi
Jumapili, 1 Machi 1981

Kwa Baba yangu mpendwa,

Huu ni mwaka wa nne tangu nitoke nyumbani kuja kutafuta kazi huku, na katika muda huo wote nimefika Mutomo mara moja tu, tulipomzika Nyanya. Naandika leo kwa kuwa ni siku ya mapumziko na chumba kimetulia. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba ule mguu haukusumbui tena unapoamka. Mpe Mama salamu zangu kabla hujaendelea kusoma. Mwambie shuka aliyonitumia ndiyo ninayojifunika mpaka leo. Kama mvua imeanza kuonyesha dalili huko, nitafurahi kusikia. Huku mawingu huja na kuondoka, na sisi hatuna shamba la kutufanya tuyaangalie.

Mimi nipo. Siwezi kusema ni mzima kabisa, kwa sababu wewe humpendi mtu anayedanganya hata kwenye salamu. Kifua hunibana kwa ajili ya moshi wa vanishi, na kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki tena tangu kilipoungua. Nachoka, Baba. Nachoka hata siku ambazo hakuna kazi nyingi. Jioni nikirudi huwa nakaa mlangoni kwanza kabla ya kuvua viatu, na majirani hudhani napunga hewa.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa Kiswahili na si kwa lugha yetu. Barua zangu zote husomwa kwa sauti pale dukani watu wakitoka kanisani, kila mtu akasikia na kila mtu akatoa maoni yake, na mimi sijawahi kulalamika. Hii naomba uisome peke yako. Kiswahili ulijifunza barabarani ukiendesha malori ya serikali, na unakisoma vizuri kuliko mimi niliyeishia darasa la sita. Ukimaliza, utaamua mwenyewe la kuwaambia wengine na la kubaki nalo.

Katika barua yako ya Januari uliniuliza jambo moja tu na ukataka jibu lililo sawa. Uliuliza alteneta ya kubadilishia, kama hizi tunazotengeneza sisi, hukaa muda gani kwenye gari ikiichaji betri kabla ya kufa. Ulisema unataka kuwaonyesha wazee kwamba ile ya pili niliyokutumia isingeweza kufa kwa miezi michache tu, kabla ya Krismasi, na kwa hiyo ni kweli mdogo wangu Mativo, aliyeipeleka kwa fundi wa Kitui kufungwa, aliiuza huko akaifungia pikapu yako takataka ya mtu mwingine. Nimechelewa kukujibu. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nalo, ila kila nilipoliandika nililichana.

Ngoja nianze na kazi yenyewe, ili unielewe.

Gereji ya Bwana Wanyoike iko upande wa kuelekea Gikomba, si mbali na hapa ninapolala. Alteneta huletwa kwa magunia, nyingine zimeungua, nyingine zimetolewa kwenye magari yaliyogongana. Mimi nazifungua, natoa waya ulioungua, nasuka waya mpya wa shaba, nautia vanishi na kuuoka kwenye pipa lenye moto wa makaa. Tobias Ochola ndiye anayeunganisha tena, kupima, na kuzifunga kwenye magari ya wateja. Huyu Tobias anakaa Kaloleni, ni mtu mzima wa umri wako au karibu, alifanya kazi ya umeme wa magari muda mrefu kabla hatujajua alteneta ni nini, na yote niyajuayo yalitoka kwake. Mwisho kabisa Bwana Wanyoike mwenyewe huzipaka rangi ya fedha. Kazi hiyo ya rangi hamwachii mtu. Anasema mteja ananunua kwa macho, na asiyejua hilo arudi kulima.

Hilo swali lako huulizwa hapa kila siku. Mteja anashika alteneta, anaigeuzageuza, kisha anauliza itakaa muda gani. Kuna mzee mmoja wa teksi alimbana Wanyoike kabisa, akitaka aape kwamba itamaliza mwaka. Wanyoike akamwambia, "Mzee, hata mimi nilitoka kwa mama yangu nikiwa mpya kabisa, na bado hakuna aliyeniandikia nitaishi mpaka lini." Watu wakacheka, na yule mzee akacheka pia, akanunua.

Tobias hajibu hivyo. Tobias humwuliza mtu gari lake linafanya kazi wapi, na ni nani anayelishika. Anasema ile mpya ya dukani inaweza kukaa miaka mingi mtu asiikumbuke. Ya kusukwa upya, kama imesukwa vizuri, inaweza kumaliza miaka miwili au mitatu, na huko kwetu kwenye vumbi tuseme mwaka mmoja na zaidi. Mkanda ukikazwa sana, beringi huliwa. Mafuta ya injini yakiidondokea, yale makaa mawili madogo ya ndani hushindwa kugusa na kupitisha umeme. Betri mbovu huifanya ifanye kazi bila kupumzika, mpaka ichemke. Hayo yote yanaua polepole, na mtu mwenye masikio huyasikia mapema, kwa sababu alteneta inayozeeka hulia kabla haijafa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo, mwaka na zaidi. Ukiwasomea wazee maneno hayo peke yake, Mativo amekwisha. Ndiyo maana nakuomba usisimame hapo.

Mativo yuko kwangu. Najua hukuambiwa, na najua Mama amekuwa akiuliza. Alifika Januari, juu ya lori la makaa, akaja moja kwa moja gereji kwa kuwa alijua jina la mahali tu. Alikuwa na gunia begani. Bwana Wanyoike alidhani ni mwuza vyuma chakavu, akalipapasa lile gunia na kuanza kumpigia bei. Mativo hakuelewa, akawa anajibu tu kwamba hauzi, anamtafuta Ndambuki. Wanyoike akapandisha bei. Nilipotoka nyuma nikawakuta wanavutana, ndugu yangu amekonda mpaka sikumjua mara moja, shati limeingia weusi wa makaa. Wanyoike aliposikia ni mdogo wangu alimwachia gunia na kumpa kikombe chake mwenyewe cha chai.

Aliniambia yaliyotokea. Hayakuwa mageni kwangu, kwa sababu uliyaandika wewe mwenyewe, lakini kwake yalikuwa na upande mwingine. Alisema ulisimama nje ya kanisa watu wakitoka, ukanyoosha mkono akupe funguo za pikapu, ukasema mbele ya wote kwamba nyumba yako haijawahi kulea mwizi na haitaanza sasa. Alikupa funguo, akaenda nyumbani, akaiokota ile alteneta kwenye jalala la majivu ulikokuwa umeitupa, akaitia kwenye gunia.

Halafu akaniambia jambo ambalo wewe hukuliandika. Baba wa yule binti anayemchumbia amesikia. Ametuma neno kwamba wale mbuzi wa ntheo, wa kumchumbia binti, mliowapeleka mwaka jana wapo, hawajachinja hata mmoja, na baada ya Pasaka watawarudisha. Amesema hawezi kumpa binti yake kijana ambaye baba yake mzazi amemwita mwizi mlangoni pa kanisa. Unajua vizuri kuliko mimi maana ya mbuzi hao kurudishwa. Hakuna nyumba nyingine kule kwetu itakayopokea mbuzi wa Mativo baada ya hapo.

Alimaliza kunieleza, akaufungua mdomo wa gunia. Hakuniomba nimwamini. Aliniomba niifungue tu.

Tuliifungua wakati wa chakula cha mchana, mimi, yeye na Tobias, juu ya meza ya kazi. Kwanza nilitaka kujua ni alteneta ya nani. Uliandika kwamba ile niliyotuma iling'aa kama sufuria mpya, na hii iliyokufa ilikuwa nyeusi kama chungu, na huo ndio ushahidi wako mkubwa. Baba, ile ni rangi ya Wanyoike. Ni rangi ya bei rahisi, injini ikipata joto na mafuta yakarukia hubanduka yote kabla ya miezi miwili. Ukija hapa gereji utazikuta nyingi zilizorudi kwa sababu nyingine, zote nyeusi.

Lakini ndani hakuna anayepaka rangi. Ndani kuna waya niliousuka, na waya huo hufungwa kwa uzi mweupe ili usicheze. Kwa sababu ya kidole changu kibovu mimi siwezi kufunga fundo kama wengine. Nafunga kwa mkono wa kushoto, na fundo langu hulala kinyume. Tobias hunicheka kila siku kwa hilo, anasema nafunga uzi kama mtu anayemfunga ndama gizani. Nilipotoa kile kifuniko cha nyuma niliyaona mafundo yangu, yote, yamelala kinyume. Hakuna mtu mwingine Nairobi hii anayefunga hivyo. Ile alteneta ni ile ile niliyokutumia. Mativo hakuiuza wala hakuibadilisha. Naliandika neno hilo nikiwa na akili zangu zote, na niko tayari kulisema mbele ya mzee yeyote.

Kisha tukataka kujua kilichoiua. Waya wangu ulikuwa mzima, haujaungua hata sehemu moja. Beringi ilizunguka kimya. Yale makaa yalikuwa bado marefu kama siku yalipowekwa. Ilikuwa alteneta changa, Baba, isiyo na ugonjwa wowote wa uzee. Ila ndani kuna vipande vidogo kama vidonge, tunaviita dayodi, ambavyo kazi yake ni kuupitisha umeme upande mmoja tu ili uingie kwenye betri. Hivyo vilikuwa vimekufa. Tobias alivipima kimoja kimoja kwa betri na taa yake ndogo, akaviweka kando kimoja kimoja, na kila alipoweka kimoja uso wake ulizidi kuwa mzito. Halafu akamwuliza Mativo kama ile ya kwanza nayo ilikufa ghafla namna hiyo, bila kelele. Mativo akasema ndiyo, ilikuwa sawa asubuhi, na mchana taa ya dashibodi ikawaka tu.

Tobias akapangusa mikono. Akamwuliza, "Nani huko kwenu anayevua waya wa betri injini ikiwa inanguruma?"

Mativo alisema hajui.

"Unajua, kijana wangu," Tobias akamwambia. "Ungekuwa hujui ungeniuliza kwa nini."

Mativo akainuka akaenda kunywa maji kwenye mfereji, akakaa huko mpaka saa ya chakula ikaisha. Tobias akanitazama mimi. Nami wakati ule ule nilikuwa nimejua, na nilitamani nisingejua.

Jioni ile, tukirudi chumbani, nilimwuliza Mativo kwa nini hakumjibu mzee wa watu. Akaniambia nisiandike nyumbani juu ya ule waya. Nilimkumbusha mbuzi, nikamkumbusha yule binti, nikamwambia jina lake limechafuka bure. Alinijibu maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Acha niitwe mwizi. Mimi ni kijana, watanisahau. Baba akichekwa sokoni kwa ajili ya gari, watamcheka mpaka afe."

Baba, ndiye huyo mwanao uliyemnyang'anya funguo.

Usiku ule nilimpa neno kwamba sitaandika, na nimekaa na maneno yake wiki nyingi. Mchana anakuja nami gereji, anaosha vyuma kwa dizeli, na Wanyoike anampenda kwa sababu hachagui kazi. Rispa, mke wa Tobias, humpa chakula Jumapili na kumtania kwamba atamtafutia mke Mjaluo amnenepeshe. Anacheka pamoja nao. Lakini usiku hajilazi kama mtu aliyechoka, na mimi ambaye nimechoka kweli namsikia akijigeuza.

Sikutaka kukuandikia maneno ya kusikia. Kwa hiyo nilimwomba Tobias tujaribu kwanza. Alichukua alteneta nzuri kutoka rafuni, akaifunga kwenye gari kuukuu la Wanyoike, Wanyoike akalalamika kama mtu anayeng'olewa jino lakini akaturuhusu. Tobias akawasha injini, akavua waya wa betri. Injini haikuzimika. Akaurudisha. Nikamwambia unaona, haikufa. Akaniambia nisiwe na haraka. Kesho yake akafanya vile vile, na ikanusurika tena. Wanyoike akaanza kututambia, akasema alteneta zake hazifi hata kwa bunduki. Siku iliyofuata Tobias alivua ule waya kama alivyofanya siku zote, na taa ya dashibodi ikawaka na haikuzimika tena. Tulipoifungua, vile vidonge vilikuwa vimekufa kama vya kwako, na waya wangu mzima, na mafundo yangu mazima. Wanyoike alichukua brashi yake akaenda kupaka rangi.

Tobias alinieleza ni kwa nini. Alteneta ikiwa inafanya kazi, umeme wote unaotoka humo huingia kwenye betri kama maji yanavyoingia kwenye tangi. Ukivua waya ghafla, ule umeme unakosa pa kwenda, unaruka na kurudi nyuma kwa nguvu, na vile vidonge vidogo ndivyo unavyovikuta njiani. Wakati mwingine vinavumilia. Siku moja havivumilii. Na kwa sababu vimevumilia siku nyingi, mtu hawezi kudhani kwamba ni mkono wake uliofanya.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nikichana karatasi.

Baba, ni wewe. Si fundi wa Kitui, si vumbi, si Mativo. Ni wewe unayeziua hizi alteneta, na unaziua kwa kuzipima.

Nakuona kama niko hapo. Kila asubuhi pikapu ikishawaka unafungua boneti, unavua ule waya wa betri kwa vidole viwili, injini inaendelea kunguruma, unauinua juu watu wauone, kisha unaurudisha na kufunga boneti. Siku za soko unafanya hivyo mbele ya abiria, na wao wanapanda wakisema gari la Mzee Muse halihitaji hata betri. Nimekuona ukifanya hivyo tangu nikiwa mtoto, kwenye lile lori la serikali uliloruhusiwa kulala nalo nyumbani mwisho wa wiki. Nilijivuna sana. Niliwaambia watoto wengine kwamba baba yangu anaweza kuung'oa moyo wa gari na gari lisife.

Na hukuwa ukikosea. Naomba sana usisome hapa kama mtu anayetukanwa. Lile lori lilikuwa na dainamo, ile mashine ya zamani ya kuchaji betri, na kwa dainamo hicho ndicho kipimo walichowafundisha madereva wote wa wakati wenu. Tobias anakijua. Alikitumia yeye mwenyewe. Alipohamia gereji moja ya watu binafsi, alteneta zilipoanza kuingia, aliua kadhaa kwa kipimo hicho hicho, na kijana mmoja, turnboi wa kumsaidia dereva, akafukuzwa kazi kwa madai kwamba aliziloweka maji wakati wa kuosha injini. Tobias alipokuja kugundua, yule kijana alikuwa ameshaondoka, na mpaka leo hajui alikoelekea. Aliponisimulia hayo hakunitazama. Akasema nikuandikie upesi, maana wewe bado unajua mwanao alipo.

Dainamo ilikuwa kitu kingine, Baba. Gari ndilo lililobadilika, na hakuna aliyekuja Mutomo kukwambia. Mimi ndiye niliyefaa kukwambia, niliyezituma zote mbili kwenye boksi bila maneno yoyote zaidi ya salamu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba ulimhukumu Mativo kwa ajili ya kuniheshimu mimi. Uliandika kwamba unaujua mkono wa Ndambuki, na mkono huo hauwezi kutuma kitu kibovu mara mbili. Nilisoma maneno hayo nikafurahi, na siku hiyo hiyo ndugu yangu alikuwa juu ya lori la makaa. Hatuwezi, sisi wawili, mmoja kusifiwa kwa aibu ya mwingine.

Sasa nakuomba mambo mawili, na nakuomba kama mtoto anavyomwomba baba yake.

La kwanza, kabla ya Pasaka nenda mwenyewe kwa yule mzee, baba wa binti. Usimtume mtu. Mwambie umepata barua kutoka kwa Ndambuki, na kwamba alteneta imefunguliwa na kukutwa ni ile ile, haikuuzwa. Mwambie neno ulilosema kanisani unalirudisha. Hulazimiki kumwambia lolote juu ya waya wa betri. Hilo liko humu, kwa Kiswahili, na ukitaka libaki humu litabaki. Mimi sitalisema, Tobias hatalisema, na Mativo ndiye aliyekuwa tayari kubeba jina la mwizi ili lisisemwe. Lakini neno la mwizi ulilisema mbele ya watu, na hakuna mwingine anayeweza kulirudisha. Mimi hata nikija na kuapa mlangoni pa kanisa, watasema ndugu anamtetea ndugu.

La pili, usivue tena ule waya. Hata kama abiria watauliza kwa nini leo hujawaonyesha. Kama umepata alteneta nyingine Kitui na umekwisha kuifunga, iache ifanye kazi yake. Ukitaka kujua kama inachaji, washa taa kubwa usiku, kanyaga mafuta kidogo, uone kama mwanga unaongezeka. Hicho kipimo kinatosha na hakiui kitu. Kama ya tatu itakufa kama mbili za kwanza, mimi sitakuwa na uzi mwingine wa kuonyesha, na sijui ni nani atakayefukuzwa safari hiyo, maana nyumbani hapo mmebaki wewe na Mama.

Mativo hajui kwamba naandika. Leo amekwenda kanisani Kaloleni na Tobias, na kutoka huko watakuwa wamepita kwa Rispa. Akinikuta na kalamu nitamwambia naomba kazi mahali pengine, na ataniamini, kwa sababu kila wiki nasema nitaomba. Nimevunja neno nililompa. Nimeona afadhali anikasirikie mimi, ambaye tunalala chumba kimoja, kuliko apoteze nyumba yake.

Bwana Wanyoike amenipa ruhusa ya Pasaka. Ametoa pia alteneta ya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue amekubali isipakwe rangi. Nimeisuka mwenyewe na Tobias ameipima. Nitaifunga mimi kwenye pikapu, lakini naomba utakapokuwa tayari kuiwasha, umpe Mativo funguo mkononi, kama ulivyozipokea, na Mama awepo.

Msalimie Mama tena, na mjomba, na wote wanaoniulizia. Waambie Ndambuki ni mzima na bado ana kazi. Tobias Ochola naye anakusalimu, ingawa hamjaonana. Anasema mtu wa magari ya zamani humjua mwenzake hata kwa mbali.

Tutapanda basi Alhamisi na kufika Ijumaa Kuu kabla jua halijazama. Usimtafute mtu mmoja kwenye kituo. Tutashuka wawili.

Mimi mwanao,
Ndambuki Muse